Ndoa ya Maslahi: Tatizo la Tafsiri na Kicheko Mpakani Malaba

Katika riwaya za Kiingereza ipo aina moja ambayo sisi walimu wa fasihi huipita bila kuitupia jicho, kwa kuiona kuwa ni ya kupumbaza akili tu. Nayo ni riwaya ya mapenzi na mzaha iliyowekwa katika zama za Ukaimu wa Ufalme, yaani tangu tarehe 5 Februari 1811, mwana wa Mfalme George wa Tatu alipokabidhiwa madaraka kwa sababu ya maradhi ya akili ya baba yake, hadi mfalme huyo alipofariki tarehe 29 Januari 1820. Jane Austen aliandika akiwa ndani ya zama hizo hizo. Riwaya yake ya *Emma*, iliyotoka Desemba 1815, aliitabaruku kwa huyo Mwana wa Mfalme, ingawa hakumpenda. Lakini aliyeifanya aina hii iwe kama duka lenye wateja wake maalumu ni Georgette Heyer (1902–1974), mwanamke wa Kiingereza aliyetoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1921 na kuendelea kuandika kwa muda wa nusu karne.

Mojawapo ya visa vinavyorudiwarudiwa katika riwaya hizo ni ndoa isiyotokana na mapenzi. Mwanamume ana cheo na madeni; mwanamke ana fedha na hana cheo, au ana jina zuri na ndugu mcheza kamari. Wanaoana kwa hesabu. Kisha, wakiwa tayari ni mume na mke, wanaanza kupendana, na kila mmoja anamficha mwenziwe kwa kuchelea kwamba atakuwa anavunja mapatano. Huko ndiko mzaha unakotoka. Mambo yamepinduliwa: mahali pa mapenzi kutangulia na harusi kufuata, harusi imetangulia na mapenzi yanakuja nyuma yakinyata kama mgeni aliyechelewa.

Makala haya hayakusudii kuitetea aina hiyo ya riwaya. Yanakusudia kueleza matatizo yaliyonikabili nilipojaribu kukifasiri kisa kimoja cha namna hiyo kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba matatizo hayo si ya fasihi peke yake. Sehemu ya kazi hiyo niliifanya Malaba, upande wa Kenya, nilipokuwa nimekaa huko kwa jamaa zangu wakati wa likizo. Jioni moja niliwasimulia kisa hicho kina mama waliokuwa wakiuza ndizi na karanga karibu na njia ya malori. Walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Hapo mmoja wao, mtu mzima kupita wengine, akauliza: “Sasa mwalimu, hao ng’ombe walienda upande gani?”

Swali hilo lilinifundisha zaidi ya vitabu nilivyokuwa nimevibeba.

Kisa chenyewe

Ili msomaji afuate hoja, hapana budi nieleze riwaya mbili kwa ufupi. Ya kwanza, *The Convenient Marriage*, ilitoka mwaka 1934. Watu wengi huihesabu kuwa ni ya zama za Ukaimu, lakini kwa kweli imewekwa katika mwaka 1776, kabla ya zama hizo. Bwana mmoja tajiri, Lodi Rule, mwenye umri wa miaka 35, amemposa binti mkubwa wa nyumba moja ya heshima iliyofilisika. Binti huyo anampenda askari asiye na mali. Basi mdogo wao, Horatia, msichana wa miaka 17 mwenye kigugumizi, anakwenda mwenyewe nyumbani kwa bwana yule na kumtaka amwoe yeye badala ya dada yake. Dada ataokoka, nyumba itapata fedha, na yeye anaahidi kwamba hatamwingilia mumewe katika mambo yake.

Ya pili, *A Civil Contract* ya mwaka 1961, ni nzito zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo bora. Adam Deveril, askari aliyerejea kutoka katika vita dhidi ya Wafaransa huko Uhispania, amerithi cheo cha baba yake pamoja na madeni yanayotishia kuimeza nyumba ya wazee wake. Anampenda Julia. Anamwoa Jenny, binti wa mfanyabiashara tajiri wa London, asiye na uzuri wa kusifiwa lakini mwenye akili ya nyumba. Tangu zamani Jenny anampenda, naye hasemi. Baba mkwe, Bwana Chawleigh, ni mtu wa makelele na ukarimu usio na kipimo, anayemwaga zawadi mpaka mkwewe anashindwa kupumua. Mwaka 1815, habari za vita vya Waterloo zilipokuwa bado hazijafika na watu wa London wakiuza hati zao za mkopo wa serikali kwa hofu, Adam anakataa shauri la baba mkwe, ananunua wakati wengine wanauza, na anajipatia fedha zake mwenyewe. Mwishoni hakuna kulia wala kukumbatiana. Anagundua tu kwamba maisha yake yamejengeka juu ya mwanamke huyu, na kwamba yule Julia wa ndotoni hangeweza kukaa naye hata mwezi.

Jina la ndoa hiyo

Tatizo la kwanza liko katika jina. Waingereza wana usemi wao wa kuiita ndoa ya namna hii, na mfasiri mvivu atauandika kuwa “ndoa ya urahisi”. Hilo halifai hata kidogo. Wala hapana ndoa yenye taabu kuliko hii tunayoizungumzia. “Ndoa ya mkataba” inaelekea kuwa nzuri, lakini kwa Mwislamu wa pwani kila nikahi ni mkataba, na kwa mfanyakazi wa bara mkataba ni kazi yenye mwisho wake, hivyo msomaji wa Malaba atadhani kwamba bwana harusi ameajiriwa kwa miezi sita.

Magazeti na maofisa hupenda “ndoa bandia” au “ndoa ya hila”. Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la fasihi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema kuwa ndoa ni batili ikiwa mmoja wa wahusika au wote wawili wameingia humo kwa kujua na kwa hiari kwa nia ya udanganyifu. Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu aliyeoana na raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka 7 haki ya kuandikishwa uraia, akiwa mke au mume. Haya yalikuwa mageuzi makubwa, kwa sababu katika katiba iliyotangulia mlango huo ulikuwa wazi kwa mwanamke aliyeolewa na Mkenya tu, si kwa mwanamume aliyemwoa Mkenya. Nayo Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inaweka sharti kwamba ndoa hiyo isiwe imefungwa kwa kusudi la kujipatia hadhi au nafasi fulani katika mambo ya uhamiaji au uraia.

Sasa fikiria mwanamke wa Tororo, upande wa Uganda, aliyeolewa Amagoro. Wazee wa pande mbili walikutana, wakaona kwamba koo zao zinafaana, shamba liko karibu, na mtu wa kumtunza mama mkwe hayupo. Kwa miaka 8 ameishi na mumewe kwa amani. Akiulizwa mbele ya ofisa, “Je, mliona kwa ajili ya mapenzi au kwa ajili ya faida?”, atajibu kwa ukweli kwamba wazee waliona faida. Mkalimani akitia hapo neno “bandia”, amemfanya mke halali kuwa mwongo. Lugha yetu inahitaji maneno mawili yaliyo mbali mbali: moja la ndoa isiyokuwapo ila katika karatasi, na jingine la ndoa iliyopo kweli, yenye chungu jikoni na watoto uani, ila iliyoanza kwa hesabu.

Kwa hii ya pili mimi nimechagua “ndoa ya maslahi”. Wapo watakaopendelea “manufaa”, nami sitagombana nao. Lakini manufaa yaelekea kwa mtu mmoja anayenufaika, na maslahi yaweza kuwa ya nyumba mbili. Tena maslahi yametoka katika shina moja la Kiarabu na suluhu, na katika riwaya hizi, kama katika vikao vya wazee, kinachotafutwa ni suluhu ya jambo lililokwama.

Ng’ombe walienda upande gani?

Niliahidi kulirudia swali la mama yule. Katika simulizi yangu nilikuwa nimesema kwamba Jenny alikuja “na mahari kubwa”. Kwa sikio langu lililozoea kamusi, hapakuwa na kosa. Kwa masikio ya wasikilizaji wangu nilikuwa nimesema upuuzi, maana mahari haiji na mwanamke. Mahari huja kwa ajili ya mwanamke.

Tukichunguza tutaona kwamba neno hili moja limebebeshwa mizigo mitatu inayokwenda pande tatu. Kwa Waislamu wa pwani, mahari hutoka kwa mume na kuwa mali ya mke mwenyewe. Baba yake hana haki nayo. Kwa Waiteso, Wasamia na Wabukusu wa sehemu za Malaba na Busia, ng’ombe na vitu vingine hutoka kwa nyumba ya mume na kwenda kwa baba na ndugu wa mke, nao mara nyingi huwatumia ng’ombe hao kuolea wana wao. Kwa Waingereza wa zama za Ukaimu, mali ilitoka kwa baba wa mke na kwenda kwa mume. Tena sheria yao ya kawaida ilimpa mume mamlaka juu ya mali za mkewe, hata ikawapasa akina baba wenye busara kuandikisha hati maalumu za kumlinda binti. Hali hiyo haikuanza kubadilika ila kwa sheria za mwaka 1870 na 1882. Mambo hayo matatu yako mbali kama kutoa, kupokea na kupitisha. Na yote matatu, katika kamusi na katika vinywa vya wasomi, ni “mahari”.

Wala kosa si la Kiswahili tu. Waingereza wenyewe wana neno la mali inayotoka kwa baba wa mke, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inalitumia neno lilo hilo la Kiingereza kwa mali inayotolewa kwa ajili ya ndoa ya kimila, ikasema kwamba kiasi kidogo cha kuwa ishara kinatosha kuithibitisha ndoa hiyo. Kwa hiyo mfasiri anayetoka katika sheria hadi katika riwaya hukuta neno moja la Kiingereza likitazama mashariki huku na magharibi kule. Mwanafunzi wangu mmoja alifasiri habari ya Bwana Chawleigh kwa namna iliyomfanya Adam alipe! Kwa Kiingereza alichokizoea nyumbani Kenya, alikuwa sahihi.

Kwamba hili si la mzaha tu, lilionekana ng’ambo ya daraja. Wilaya ya Tororo, ambayo malori yakitoka Malaba huingia humo mara moja, ndiko lilikotokea shirika la MIFUMI, lililoipeleka desturi hii mahakamani. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitoa hukumu yake mwaka 2010, na shirika halikuridhika. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, iliyo ya mwisho, ikaamua tarehe 6 Agosti 2015 kwamba kutoa mali kwa ajili ya ndoa hakuvunji katiba, lakini kudai irudishwe ndoa inapovunjika kunaivunja. Sababu yake ni rahisi kuieleza: mwanamke ambaye baba yake ameshakula ng’ombe hao, au ameshaolea kaka yake, hana njia ya kutoka katika ndoa mbaya; mlango umefungwa kwa kwato. Katika Kiswahili cha mpakani jambo hilo huitwa “kurudisha mahari”. Msikilizaji wa Mombasa akilisikia ataelewa kitu kingine kabisa, yaani mke kumrudishia mume mahari yake ili apate kujivua katika ndoa, jambo ambalo sheria ya Kiislamu inalijua kwa jina la khului. Maneno ni yale yale mawili. Moja ni ufunguo wa mke, la pili ni kufuli.

Katika tafsiri yangu nimeamua kuandika “mali ya binti” kwa ile inayotoka kwa baba wa Kiingereza, “ng’ombe za ukwe” kwa ile ya Malaba, hata pale zinapolipwa kwa fedha, na kuliachia neno mahari maana yake ya pwani. Najua kwamba uamuzi wa tatu hautafuatwa na mtu bara. Neno limekwisha hama na kujenga. Lakini mwandishi wa maelezo ya darasani aweza walau kumwambia mwanafunzi ni mahari ya upande gani.

Kuoa, kuolewa na kujioza

Sarufi nayo ina mzaha wake. Kiswahili sanifu kinamtaka mwanamume aoe na mwanamke aolewe. Wakiwa pamoja waoane. Na baba, au walii, aoze. Kiingereza kina kitenzi kimoja ambacho yeyote kati yao hukitumia bila kujali nani ni nani. Sasa turudi kwa Horatia. Msichana amesimama mbele ya bwana wa makamo, amekuja kwa miguu yake, hana baba wala kaka aliyefuatana naye, naye anasema maneno ambayo kwa Kiingereza ni swali la adabu: je, ungependa kunioa mimi badala yake? Katika Kiswahili msichana huyu ameshika kazi mbili zisizokuwa zake. Yeye ni mposaji, na yeye ni walii. Anajioza.

Nimeliandika neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa halipo ila kwa kulilazimisha, na kwa kuwa lina harufu. Kuoza ni kumpa mtu mke, na kuoza ni kuharibika kwa nyama na matunda. Mtu wa pwani hulikwepa gongano hilo kwa kusema “kuozesha”. Mimi sikulikwepa. Nilimpa Lodi Rule nafasi ya kujibu kwamba hajapata kuona binti akijioza akiwa bado mbichi hivyo. Mwandishi hakuyaandika maneno hayo. Lakini katika ukurasa ule ameandika maneno mengine ya kuchekesha yasiyofasirika, nami nimelipa deni kwa sarafu ya hapa. Kigugumizi chake ni taabu nyingine. Katika Kiingereza herufi ya kwanza ya neno hurudiwarudiwa, lakini Kiswahili huanza na viambishi, na mtu akigugumia kwenye “ni-ni-nioe” amegugumia kwenye nafsi yake mwenyewe, hajakifikia kitendo. Nilipousoma mstari huo kwa sauti niliona kwamba kwa mara hii moja lugha yetu imeshinda.

Namna ya kuitana

Wataalamu wa riwaya hizi wanajua kwamba mapenzi hupimwa kwa namna mke anavyomwita mumewe. Anaanza na cheo, anafika kwenye jina la nyumba, na siku anapolitamka jina alilopewa utotoni msomaji hufunga kitabu kidogo apumue. Mfasiri atafanyaje katika mazingira ambamo mke hamtaji mume kwa jina, na ambamo jina la heshima hutokana na mtoto?

Malaba bwana na bibi wenye mtoto hawana tatizo: ni Baba fulani na Mama fulani. Wasio na mtoto ndio wenye taabu, hasa wale walioozwa bila kujuana. Nimewasikia wakiitana kwa “wewe”, kwa kukohoa, kwa “huyu bwana” mbele ya watu, na mara nyingi kwa kunyamaza mpaka mwenzake ageuke. Lugha imewaacha hewani kwa muda, na katika muda huo ndimo riwaya nzima ya Heyer inapokaa! Basi sikuhitaji ngazi za Kiingereza. Nilimwacha Jenny amwite mumewe “Bwana” katika sura zote za mwanzo, “Bwana” iliyo kavu kama ya karani, mpaka mtoto wao Giles alipozaliwa, ndipo akawa Baba Giles. Mama mmoja wa Malaba, niliposoma mahali hapo, alisema “aha” kwa sauti ya chini, naye hakuwa amesema neno tangu jioni ianze.

Hapa niweke jambo dogo kwa ajili ya walimu watokao pwani na kufundisha sehemu hizo. Kwa Kiteso, *toto* ni mama na *papa* ni baba. Mwanafunzi akisema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika kwamba toto wake anamngoja nyumbani, msimhurumie kwa kuzaa mapema.

Kicheko cha nani?

Mzaha wa riwaya za Ukaimu ni mzaha wa adabu. Watu hugombana kwa kuongeza heshima. Kadiri hasira inavyopanda ndivyo “tafadhali” zinavyozidi, na mtu hujeruhiwa kwa sifa. Watu husema kwamba Kiswahili cha bara hakina uwezo huo, kwamba kijembe na fumbo ni mali ya wanawake wa Unguja na Lamu na leso zao. Sikubaliani nao kabisa. Mke wa mpakani anapomwita mumewe “mheshimiwa” saa nne za usiku, akamwuliza kama safari ya kutoka kilabuni ilikuwa njema, hahitaji leso.

Tena wapo walioliona jambo hili kabla yangu, na kwa uchunguzi mpana zaidi. Ivan Karp, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyetoa kitabu juu ya Waiteso wa Kenya mwaka 1978, aliandika katika miaka ya 1980 makala juu ya kicheko katika taratibu zao za ndoa. Alionyesha kwamba wanawake, katikati ya shughuli iliyokusudiwa kuthibitisha mamlaka ya koo za waume, hucheka, na kwamba kicheko hicho huichimba ile shughuli kwa chini huku wakiitimiza. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka Jane Austen. Katika *Pride and Prejudice* ya mwaka 1813, Charlotte Lucas, mwenye miaka 27 na asiye na mali, anamkubali kasisi mpumbavu kwa kuwa ana nyumba na kipato, na rafiki yake Elizabeth anashtuka. Msomaji anacheka, lakini hajui kwa hakika anamcheka nani: kasisi, Charlotte, au nchi iliyomwachia mwanamke mwenye akili mlango huo mmoja tu. Kicheko cha aina hiyo hakihitaji kuletwa Malaba kwa meli. Kilikuwapo.

Tofauti iko mahali pengine. Kwa msomaji wa London, ndoa bila mapenzi ni jambo la ajabu linalohitaji kisa kizima kulieleza. Kwa wasikilizaji wangu ndiyo njia iliyozoeleka, na la ajabu ni yule bwana kumficha mkewe kwamba anampenda. “Anaogopa nini, na yuko ndani ya nyumba yake?” Swali hili nalo ni la haki. Kila kilichokuwa siri kwao kilikuwa wazi, na kila kilichokuwa kawaida katika kitabu kwao kilikuwa kioja. Kioja kikubwa kuliko vyote kilikuwa Bwana Chawleigh. Kuja nyumbani kwa mkwe bila taarifa, kukagua vyombo vyake, kupanda hadi chumbani kumwona binti! Katika jamii nyingi za huko wakwe huepukana, hasa mama mkwe na mume wa binti yake. Nilipofika sura hiyo kina mama walijifunika nyuso kwa kanga, wakacheka hadi machozi. Heyer alitaka tumcheke mfanyabiashara kwa kukosa malezi ya mabwana. Wao walimcheka kwa kukosa haya ya wakwe. Kicheko kiliangukia ukurasa ule ule kwa sababu isiyokuwa ile ile, nami sijaona haja ya kuweka tanbihi.

Daraja na mto

Mmoja wa wenzangu alipata kuniuliza kwa nini Malaba, na si Mombasa penye Kiswahili chenye mizizi. Nilimjibu kwa habari ya Gretna Green. Sheria ya ndoa ya Uingereza ya mwaka 1753, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilimtaka kijana aliye chini ya miaka 21 apate ridhaa ya mzazi. Uskoti haikuhusika nayo. Huko ilitosha kutamka mbele ya mashahidi wawili. Basi vijana wa Kiingereza walipanda magari ya farasi usiku, wakavuka mto Sark ulio mwembamba, wakaoana katika kijiji cha kwanza walichokikuta, mara nyingi mbele ya mhunzi. Riwaya za Ukaimu zimejaa mbio hizo. Hata Lydia wa Austen, alipotoroka, aliandika kwamba anakwenda Gretna Green.

Mto Malaba nao si mpana. Mwaka 1902 Waingereza waliichukua sehemu ya mashariki ya himaya yao ya Uganda na kuitia katika ile iliyokuja kuitwa Kenya, na mpaka ukafuata mito, ukawaacha Waiteso kuwa na shangazi ng’ambo moja na wajomba ng’ambo nyingine. Reli ya kuelekea Kampala ikapita hapo, kisha malori. Kwa miaka mingi madereva walilala siku kadhaa katika foleni wakingoja karatasi, na mji ukakua kwa kuwauzia chakula, vyumba na, wengine husema, nusu ya ndoa. Siku hizi, tangu pande mbili za mpaka zilipounganisha ukaguzi katika kituo kimoja, kama ilivyofanyika Busia pia kilipozinduliwa kituo chake Februari 2018, dereva hukaa kidogo zaidi. Lakini kina mama bado husimulia za bwana aliyekuwa na Mama fulani kila mpaka, akiwatunza wote kwa uaminifu wa kalenda.

Tofauti ya Gretna na Malaba ni kwamba kule watu walivuka ili kuwakimbia wazee. Hapa wazee ndio wanaovuka, mbele, na ng’ombe nyuma yao. Ofisi ya upande mmoja inataka cheti, ya pili inataka barua ya kiongozi wa kijiji, na wote hujieleza kwa Kiswahili, ambacho si lugha ya mama ya ofisa wala ya mwombaji. Kiswahili hicho hakina mapambo, lakini ndicho kinachobeba hatima ya ndoa. Ndiyo sababu sikwenda Mombasa.

Tafsiri yangu bado haijakamilika. Lodi nimemwacha kuwa lodi baada ya kumjaribu kwa “liwali”, aliye ofisa wa kuteuliwa, na kwa “mwinyi”, ambaye angemfanya Adam kuwa mtu wa Kilwa. Sura ya mwisho, ile isiyo na kukumbatiana, nimeifasiri mara nne. Adam anajua sasa kwamba ameshibana na mkewe, na Kiingereza kinasema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyekaa karibu na moto. “Kupenda” ni kali mno hapo, “kuzoea” ni baridi. Nilimwuliza mama yule wa ng’ombe yeye angesemaje juu ya mumewe, waliyekaa pamoja tangu kabla ya lami kufika. Alifikiri, akapanga upya karanga zake, akasema: “Huyo? Huyo ni mtu wangu.” Kwa sasa ndivyo nilivyoandika.